Kihispania cha Kimyakimya

Pale sokoni Mikkeli, kwa Wafini, mbele ya hema la kahawa, kuna benchi refu la mbao, rangi imeshachubuka, na mji mzima unaliita bunge. Pita asubuhi yoyote utawakuta walewale. Upande wa kulia Oiva, wanamwita Redio, maana ukishamwasha hazimiki. Upande wa kushoto Taisto, huyo jina lake Kufuli. Tangu barafu iyeyuke ziwani ametamka neno moja tu, nalo lilikuwa "sukari". Katikati Kyllikki, mjane mwenye mabega mapana, aliyeendesha basi la mjini mpaka akastaafu, kwa hiyo yeye ni Breki. Na kati ya kila mtu na mwenzie wameacha nafasi ya kukaa mtu mnene na kapu lake, ndiyo adabu ya huko, mtu hamgusi mtu bega. Anayewauzia kahawa ni Raili, au Birika, mwanamke wa kicheko cha kutawanya njiwa, na maandazi yake ya iliki shakwe wanayavizia kama vibaka. Sasa siku hiyo, weee! Siku hiyo kikombe cha Breki kilikuwa kinatetemeka mpaka kahawa inaruka.

— Shoga, hiyo kahawa unainywa au unaichezesha ngoma? Birika akamuuliza.

— Treni ya saa sita, Breki akajibu.

— Najua treni ya saa sita. Umenitajia tangu nafungua hema.

Treni ya saa sita ilikuwa inamleta Fuensanta. Fuensanta ni mama mkwe wa Jarkko, na Jarkko ndiye mtoto pekee wa Breki, kijana aliyekwenda Uhispania kufunga mitambo ya umeme wa jua, akaishia kufungwa yeye, kwa ndoa. Siku ya harusi, huko Murcia, wakamkalisha Breki ubavuni mwa huyo mkwe mwenzie, tangu mchana mpaka wanaume wanalegeza tai. Breki hakusema neno. Si kwa kiburi jamani! Neno lenyewe hakuwa nalo. Akala, akatikisa kichwa, akautazama ukuta. Fuensanta akaenda kulia chooni, akamwambia bintiye: yule mama ni barafu, sisi hatumtaki yule. Maneno hayo yakapanda ndege, yakafika Mikkeli kabla Breki hajafungua begi.

Basi tangu hapo mjukuu akazaliwa, akaota meno, meno yenyewe yameanza kung'oka, na hajaletwa kwa bibi yake hata mara moja. Nuria jina lake. Breki anamwona kwenye simu tu, anapungiwa mkono. Kila akiomba aletewe, Fuensanta anajibu: nitampelekaje mtoto kwa mtu asiyefungua mdomo? Safari hii kakubali, lakini kwa masharti. Anakuja yeye mwenyewe na mtoto, wakae wiki nzima, Jarkko yuko kazini hawezi kuja kutafsiri. Akiridhika na huyo bibi, Nuria atakuja kila kiangazi. Asiporidhika, Breki aendelee kupungiwa mkono na simu.

Ndiyo maana baridi yote ile Breki alikuwa na video. Mwalimu mmoja wa Kihispania, Begoña, miwani myekundu, mikono haitulii, anafundisha vitenzi kwenye kioo cha tableti. Na bunge, wasimwache mwenzao peke yake, nao wakajifunza, kila mtu kwake, asubuhi wanakutana kubishana. Hapo ndipo utamu ulipokuwa.

Redio akajua mwenzake anaogopa, akaamua kumchangamsha.

— Mimi nimeshagundua kwa nini kitenzi cha Kihispania kinabadilika mkia kwa kila mtu. Joto! Kule jua linawaka, mtu hana nguvu ya kusema "mimi" halafu aseme "nakula". Anavibana vyote kwenye neno moja, amalize, akae kivulini.

— Oiva, Breki akamwambia, na sisi tunabana hivyohivyo. Kifini chetu hicho.

— Aa?

— Tunabadilisha mkia vilevile. Na theluji yetu inafika kiunoni. Joto letu liko wapi?

Redio akatafuna andazi, anatafuta pa kutokea.

— Sisi ni baridi. Mtu hataki kufungua mdomo sana, hewa ingeingia. Sababu mbili, ugonjwa mmoja!

Birika akacheka mpaka kifuniko cha chupa ya chai kikamponyoka. Kufuli akakiokota, akakirudisha, kimya.

— Haya, na hili la meza kuwa mwanamke? Birika akauliza. Yeye video haziangalii, lakini kwa kusikiliza bunge alikuwa amejua nusu ya masomo. — Sisi hapa "yeye" ni "yeye" tu, awe dume awe jike. Wale mpaka fanicha wanaikagua!

— Hiyo rahisi, Redio akasema. Meza mwanamke, kiti mwanamke, kitanda mwanamke. Kitu chochote kinachobeba uzito wa watu na hakilalamiki, mwanamke.

— Heee! Na tatizo? Begoña kasema tatizo ni nini?

Redio akakohoa.

— Tatizo ni mwanamume, Breki akamjibia, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

— Hapo sasa! Birika akapiga makofi. Huyo mwalimu aletwe hapa nimpe kahawa ya bure! Watu wamekaa wakatafakari, wakaona kabisa, hili tatizo limevaa suruali!

— Raili, hiyo ni sarufi tu.

— Sarufi gani? Hiyo ni historia ya nyumba yangu!

Breki akacheka kidogo, akaitazama saa ya kanisani, kicheko kikakatika palepale. Redio akaona mgonjwa anazidiwa, akaongeza dozi.

— Sasa sikilizeni kubwa kuliko yote. Wale wana "kuwa" mbili. Kuwa ya siku zote na kuwa ya kupita. Mimi ni mwanamume, hiyo ya siku zote. Mimi nina uchovu, hiyo ya kupita, kesho sina. Sawa?

— Sawa.

— Basi mtu aliyekufa wanamweka wapi?

— Kwenye ya siku zote, Birika akasema. Kuna anayerudi?

— Wanamweka kwenye ya kupita!

Hata Kufuli akageuza shingo.

— Acha uongo Oiva, Birika akasema.

— Muulize Breki! Somo lile la mwezi wa pili. Nimelirudia nikidhani nimelewa. Marehemu yuko amekufa kama vile mtu yuko amechoka. Nikakaa nikawaza, nikaelewa na ule usingizi wao wa mchana. Wanafanya mazoezi! Kila siku baada ya chakula wanakufa kidogo, wanarudi, wanakufa kidogo, wanarudi. Ikifika ile kubwa hawababaiki.

— Oiva, utaenda motoni na viatu vyako.

— Nitakuwa motoni kwa ile kuwa ya kupita!

Walicheka, wakacheka. Lakini Breki yeye alikuwa anatazama ziwani. Somo lile alilikumbuka. Lilimkuta jikoni, mezani, kile kiti cha pili cha marehemu mumewe Arvi kipo mbele yake, na aliporudisha video nyuma hakuwa anahakikisha sarufi.

— Arvi angeipenda hiyo, akasema polepole. Alikuwa analala sana mchana.

Birika akammiminia kahawa, akajaza mpaka juu. Halafu, labda kwa kutaka kuondoa kile kiwingu, akatia mikono kiunoni, akauliza jambo ambalo baridi nzima hakuna aliyeliuliza.

— Haya shoga, hebu sema kidogo nisikie.

— Niseme nini?

— Kihispania. Huyo mama anashuka sasa hivi. Mwambie karibu. Mimi ndiye Fuensanta, haya, nimeshuka, nina begi. Niambie.

Breki akafungua mdomo. Mdomo ukakaa wazi. Shakwe angeweza kutua humo. Akaufunga.

— Ninayajua, akasema. Yote ninayajua. Nayaona yamejipanga.

— Nimekuambia uyaone au uyaseme?

— Raili, mimi sijawahi kuyasema.

— Hujawahi leo?

— Sijawahi. Kabisa.

Jamani! Birika akakaa chini juu ya kreti ya maziwa.

— Na huyo Begoña wako hakuambii urudie?

— Anasema. Anasema "rudia baada yangu", halafu ananyamaza, anaweka mkono sikioni. Na mimi nanyamaza. Nilidhani... Breki akageuka mwekundu mpaka kwenye mizizi ya mvi. — Nilidhani anatuachia nafasi tutulie. Mtu akinyamaza mbele yako, unanyamaza naye. Ndivyo nilivyolelewa. Na nyumba yetu ile kuta ni karatasi, jirani akinisikia naongea peke yangu usiku atasema nimechanganyikiwa, atamwita mtunza jengo.

— Oiva! Na wewe?

Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu akibebwa mgongoni, akaanza kuhesabu chembe za sukari kwenye andazi.

— Mimi naangalia ndani ya gari, akasema. Nimepaki nyuma ya duka la rangi.

— Umefunga vioo?

— Nimefunga.

— Sasa nani angekusikia?

— Kusikia hakuna! Lakini wangeona. Mtu anapita anaona mdomo unacheza, ndani hakuna mwingine. Mji mdogo huu, Raili!

— Yesu wangu. Kufuli?

Kufuli akatazama viatu vyake. Masikio yakamwiva. Birika akapunga mkono, hata hakusubiri, maana kumuuliza Kufuli kama ameongea ni kumuuliza samaki kama amepanda ngazi.

— Yaani bunge zima limesoma lugha ya watu kwa macho! Kama kitabu cha mapishi, na chungu hakijawahi kuwekwa motoni!

— Usinipigie kelele, Breki akasema, na sauti ilikuwa imepasuka. Nisaidie.

— Sema sasa! Tuko wanne, hakuna jirani. Sema "karibu".

Breki akavuta pumzi. Kikatoka kitu kama tairi linalovuja. Redio akasema yeye aonyeshe mfano, akasimama, akavua kofia, akakohoa, akavaa kofia, akakaa. Mama mmoja wa kuuza miche ya viazi akasogeza meza yake mbali kidogo, akidhani wana mafua. Na hapo ndipo kule stesheni, mtaa wa pili tu, treni ikalia.

— Nenda! Birika akamwambia.

— Naenda.

— Mbona hujasimama?

— Miguu haiko.

Mwanamke aliyepitisha basi kwenye barafu ya mwezi wa kwanza, watoto wa shule nyuma wanaimba, mkono hautikisiki, leo kashindwa kuinuka kwenye benchi! Ndani ya kichwa chake vitenzi vilikuwa vinasukumana kama abiria mlangoni, mimi, wewe, yeye, sisi, kila kimoja na mkia wake, na mlango umekwama.

Watu wa treni wakaanza kukatisha sokoni na mabegi yao ya magurudumu. Na mbele yao kabisa kakaja katoto kenye koti la njano, kanakimbia, kananyoosha kidole. Breki alikuwa anamtumia picha za benchi lile, mtoto akalijua kwa mbali. Akafika, akasimama mbele ya Breki, akamwangalia kama mtu anavyoangalia mlima aliouona kwenye kalenda. Maneno ya Kifini alikuwa nayo mawili, "maziwa" na "asante". Baba yake mwenyewe anasema matatu kwa siku, mtoto angeyapata wapi?

— Asante, Nuria akasema.

Breki akamshika shavu. Lakini nyuma ya mtoto, huyo, anakuja Fuensanta. Mfupi, mpana, skafu ya maua, begi kubwa kuliko yeye, na uso hauna mchezo. Akaliweka begi chini. Hakusalimia. Akanyoosha mgongo kama mtoto anayetaka kusoma shairi mbele ya darasa, akavuta hewa, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye ngazi za kanisa. Tena akasema kwa Kifini! Kifini cha kuvunjikavunjika, kila neno analitoa kama anapigilia msumari, lakini Kifini.

— Mimi. Soma. Video. Baridi yote, akasema. Halafu akameza mate. — Kwa nini... wewe... harusi... hasemi na mimi?



Swali jepesi, la lugha yao wenyewe, wala halitaki mkia wala kichwa. Redio akatazama juu. Birika akashika kitambaa cha kufutia meza akakikunja, akakikunjua. Kufuli kama kawaida. Na Breki akajibu kwa Kifini, kwa sauti ya chini kabisa:

— Nilikuogopa.

Fuensanta akainamisha kichwa.

— Nini?

— Nilikuogopa. Wewe unaongea vizuri, watu wote wanacheka nawe na kukupenda. Mimi nilikaa pale kama gogo. Nikaona nikikosea neno nitamwaibisha mwanangu.

— Nini? Fuensanta akasema tena, na macho yakaanza kujaa maji, maana masikini yeye alijifunza kusema tu! Jengo zima la kwao limemsikia akipiga kelele na video, mpaka majirani wanagonga dari, lakini kusikia, ukimjibu, hashiki hata moja. Akaona midomo ya Breki inacheza, haelewi inacheza nini, akadhani ni yaleyale ya harusini. Akainama, akashika mpini wa begi.

Breki akauona ule mkono kwenye begi. Akaliona koti la njano linarudi stesheni. Ndipo akasimama, jamani, akasimama na kile kimo chake chote, na akakanyaga kila kilichokuwa kimejipanga kichwani, mikia ya vitenzi, "kuwa" mbili, uanamke wa meza, akalitoa neno la kwanza lililopita mlangoni, zima, bichi, halijakatwa mkia wowote.

— YO TENER MIEDO!

Mimi kuwa na woga. Ndivyo anavyosema mtoto wa miaka miwili. Begoña angevua miwani akalia. Lakini lilitoka kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwapigia kelele abiria wa nyuma wasogee, shakwe akaruka akaacha andazi aliloiba, mama wa miche akaangusha koleo. Breki akajipiga kifua, akamwonyesha Fuensanta kidole, akarudia, kwa nguvu zaidi.

— Miedo! Yo! Miedo!

Fuensanta akaachia mpini. Akajigusa skafu yake, akauliza kwa macho: mimi? Unaniogopa mimi? Breki akatikisa kichwa ndiyo, machozi yanamteremka na hayafuti. Basi yule mama mfupi akaangua kicheko, kicheko na kilio vimechanganyika, akajipiga kifua na yeye.

— Yo también! Mimi pia! Mimi pia!

Akamrukia. Akamkumbatia kiunoni, maana juu hafiki. Breki akakauka kama nguzo ya taa, mikono hewani, hajui pa kuiweka. Halafu taratibu ikashuka, mmoja ukatua begani, mwingine kwenye maua ya skafu.

Redio akajifuta pua na kofia. Birika yeye hata hakujificha, analia anacheka. Na Fuensanta, akishamwachia mkwe mwenzie, akaliangalia benchi, akaona zile nafasi kubwa kubwa, akadhani ni za wageni. Akaketi katikati ya Breki na Redio, pwaa! Akamvuta Nuria upande wa pili, bega kwa bega, mpaka Redio akabaki na tako moja hewani. Hakuna aliyethubutu kumwambia sheria ya bunge.

Ndipo Kufuli akasimama. Wakadhani anakwenda nyumbani. Akasogea mbele ya mgeni, akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo, na kwa Kihispania laini kama siagi, mkia wa kila kitenzi mahali pake, akasema:

— Póngase cómoda, señora. ¿Quiere usted un café?

Kaa kwa raha, mama. Utapenda kahawa?

Redio akaanguka kutoka kwenye benchi kabisa.

— Kufuli! Wewe! Umeongea wapi haya?

Kufuli akafikiri.

— Sauna, akasema.

— Sauna?

— Baridi yote. Kule kwenye mvuke hakuna mtu.

— Na ulivyoulizwa pale mbona ulikaa kimya?

— Raili hakusubiri.

Fuensanta alikuwa amemshika Kufuli mikono yote miwili, anamjibu kwa maneno kama mvua ya mawe, ndiyo anataka, tena kubwa, tena na sukari, na mtoto naye atapata maziwa, na nyie mnaitwa nani, na hili andazi linanukia nini. Breki alikuwa anaelewa kila neno, la kwanza mpaka la mwisho, akawa anawatafsiria wenzake mbiombio, uso unang'aa. Birika akashika ile chupa kubwa ya kahawa kwa madaha, akaweka kikombe kizuri kile cha sherehe, akainamisha.

Kikadondoka tone moja. Akatikisa. Tone la pili likajishikilia, likagoma.

— Nyie wabunge, akasema, mmeninywea yote kwa wasiwasi wenu. Haya, mwambieni mgeni kahawa imekwisha.

Breki akamtazama Redio. Redio, bado yuko chini, akamtazama Kufuli. Kufuli akaitazama kofia yake.

— Inasemwaje hiyo, "imekwisha"? Birika akauliza.

— Raili, Breki akasema, mambo yaliyokwisha kupita bado hatujayafikia. Yako kwenye somo linalofuata.

Fuensanta anatabasamu, kikombe kitupu kiko mkononi, anasubiri.